Mpangaji wa Dar anasemewa na chama gani?

Chumba_na_Sebule (mleta mada)

Wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi.

Naomba tulijadili hili bila ushabiki wa rangi za vyama. Kijani, bluu, zambarau, wekeni kando kwanza.

Sensa ya 2012 ilikuta Dar es Salaam ina watu 4,364,541. Sensa ya 2022 ikakuta 5,383,728. Milioni moja na ushee ndani ya miaka kumi. Pita Mbagala, Kimara, Gongo la Mboto au Tegeta uone wanaoongezeka ni akina nani: mtu kapanga chumba na sebule, kalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, anaendesha bodaboda ya mkataba, au anauza nguo kwenye simu, au anafanya kibarua cha kuitwa. Mwakani utamkuta mtaa mwingine. Ukimuuliza chama gani kinamsemea, anacheka.

Maoni yangu ni haya. Vyama vyetu vikubwa viliundwa kwa ajili ya mtu anayekaa pahala pamoja. CCM kinaanzia kwenye shina, urithi wa nyumba kumi za TANU za miaka ya 1960. CHADEMA nao chini kabisa wana msingi. Kote huko hesabu inaanzia kwenye nyumba, na nyumba ina mwenyewe. Balozi wa nyumba kumi anamjua mwenye nyumba kwa jina, kwa watoto wake, hadi kwa msiba wa mwaka juzi. Mpangaji anabaki kuwa "yule kijana wa chumba cha uani".

Mfano mdogo tu. Mwanzo wa mwezi unanunua umeme wa elfu tano. Ujumbe wa LUKU unaingia: VAT, REA (umeme vijijini) asilimia 3, EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1, halafu kodi ya jengo 1,500. Hiyo ilianza Agosti 2021 ikiwa 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapandishwa Julai 2023. Jengo si la mnunua umeme, lakini anayekatwa ni yeye. Nani alimuuliza?

Oktoba 2025 karatasi ya urais ilikuwa na wagombea 17. Chama kikuu cha upinzani hakikuwemo, na mgombea urais wa ACT-Wazalendo alienguliwa. Majina kumi na saba, na bado mtu anakwambia "wangu hayumo". Yaliyofuata siku ile kila mmoja anayajua, sitaki uzi ufungwe.

Maswali yangu kwa wanaojua:
Je, mtu anaweza kugombea bila chama? Kama haiwezekani, kuanzisha chama kipya kunahitaji nini hasa? Na asiyetaka chama chochote, ni mlango gani unaofika kwenye uamuzi, mbali na kulalamika kijiweni?

Ibara_kwa_Ibara

Mkuu, swali la kwanza jibu lake ni hapana, na limekuwa hapana kwa njia ya kushangaza kidogo.

Ibara ya 67(1)(b) ya Katiba inataka mgombea ubunge awe mwanachama wa chama na apendekezwe na chama. Kwa urais ni 39(1)(c). Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga hilo mahakamani mapema kabisa, na mwaka 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu akampa ushindi. Bunge likabadilisha Katiba mwaka huohuo ili mlango ubaki umefungwa. Akarudi tena, akashinda Mahakama Kuu mwaka 2006. Mahakama ya Rufani ikautengua ushindi huo mwaka 2010, ikisema hilo ni suala la kisiasa na wenye kulitatua ni Bunge. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ile ya hapohapo Arusha, ambayo Juni 14, 2013 ilisema Tanzania imekiuka haki. Rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Warioba nayo ilikuwa na mgombea huru. Katiba inayotumika bado ni ileile. Na tangu Serikali ilipoondoa, Novemba 2019, tamko lililomruhusu raia mmojammoja kwenda Mahakama hiyo, hata ile njia ya Mtikila haipo tena.

Kuna ibara nyingine ambayo watu hawaitaji sana, na mimi naiona nzito kuliko hiyo: 71(1)(e). Mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, kiti kimekwenda. Sasa pima mwenyewe. Wapiga kura wa jimbo hawana utaratibu wa kumrudisha nyumbani kabla ya miaka mitano, lakini kikao cha chama kikimfukuza leo, amekwisha. Atamwogopa nani? Ndiyo maana mbunge wa jimbo lililojaa wapangaji anaweza kukaa kimya kuhusu wapangaji miaka yote mitano na asipungukiwe kitu.

Kuhusu chama kipya. Sheria ya Vyama vya Siasa, Sura ya 258, ina hatua mbili. Kwanza usajili wa muda. Hapo unapeleka katiba ya chama, jina, nembo na waombaji. Tangu marekebisho ya 2019, mwombaji lazima wazazi wake wote wawili wawe raia. Chama kisiwe cha dini, cha kabila, cha eneo fulani, wala cha upande mmoja wa Muungano. Ukipata cheti cha muda unaruhusiwa kufanya mikutano ya kutafuta wanachama, kwa kuwapa polisi taarifa saa 48 kabla, lakini huruhusiwi kusimamisha mgombea.

Hatua ya pili ndipo wengi wanapoishia. Una siku 180 za kupata wanachama wasiopungua 200, wenye sifa za kuandikishwa kupiga kura, katika kila mkoa, kwa mikoa isiyopungua kumi. Miwili kati ya hiyo iwe Zanzibar: mmoja Unguja, mmoja Pemba. Kwa hesabu ya kitabuni ni watu 2,000, kidogo sana. Tatizo la kundi lako ni kwamba Dar yote ni mkoa mmoja. Hata ukiandikisha wapangaji 50,000 kuanzia Kigamboni hadi Bunju, umetimiza sehemu moja tu ya kumi. Chama cha kero za mjini kinakwama hapo hapo, kwa sababu kero yenyewe Pemba haina sura ileile.

Makosa yanayoangusha watu kwenye uhakiki: kuandikisha 200 kamili. Andikisha angalau 300 kila mkoa, kwa sababu siku ya uhakiki wapo waliohama, wapo wasiopokea simu, na wapo wanaokutwa na kadi ya chama kingine mfukoni. Kosa la pili ni kulipia watu soda na nauli ili wajaze fomu. Soda ikiisha, uanachama nao umeisha. La tatu ni kuanza na mikoa ya karibu na kuiacha Zanzibar hadi siku ya 150.

Kahawa_Chungu

Wajumbe si watu wazuri, tuliambiwa tangu kura za ndani za CCM za 2020. Sasa hata kwenye chama chako kipya utahitaji wajumbe. Pole mkuu.

Ubao_wa_Matangazo

Nijibu lile la mlango usiohitaji kadi ya chama. Upo, ni mfupi, na watu wanaupita kila siku wakienda kugonga muhuri wa barua ya benki: ofisi ya Serikali ya Mtaa.

Mkutano wa mtaa ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea. Sheria imesema mkazi, haikusema mwenye nyumba, wala mwanachama. Mwenyekiti na wajumbe wa kamati wamechaguliwa, na ndiyo, walidhaminiwa na vyama. Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa wa halmashauri na ndiye katibu wa vikao. Mtendaji ndiye unayemhitaji zaidi, ingawa salamu zote anapewa mwenyekiti.

Anza na daftari la wakazi. Peleka nakala ya kitambulisho cha NIDA na mkataba wa pango. Kama mkataba ni wa mdomo, mwombe mwenye nyumba aandike mistari miwili kwamba unaishi kwake. Jina lisipokuwa kwenye daftari, siku utakayosema jambo la kumkera mtu utaambiwa "wewe si mkazi wa hapa", na hoja itakufa papo hapo.

Halafu usisubiri "mengineyo". Hapa ndipo wapangaji wengi wanapopoteza mchezo. Ajenda zinakwenda: kufungua, muhtasari uliopita, yatokanayo, mapato na matumizi, ulinzi, taka, mengineyo, kufunga. Mengineyo inafika saa saba mchana, waliobaki ni wazee watatu na mtu anayesubiri saini. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa Mtendaji kabla tangazo la mkutano halijabandikwa, ukiomba jambo lako liwe ajenda yenye namba yake. Nakala mbili. Moja inabaki ofisini, nyingine unarudi nayo ikiwa imegongwa muhuri wa IMEPOKELEWA wenye tarehe. Bila ule muhuri barua haikuwahi kuwepo.

Kwenye barua hiyohiyo omba mkutano uwe Jumapili alasiri. Ukiitishwa Jumatano saa tatu asubuhi, wanaokuja ni wenye nyumba na wafanyabiashara wa palepale, maana mpangaji yuko barabarani anatafuta hesabu ya bosi. Sidhani kama ni hila kila mara. Mara nyingi ni mazoea tu, lakini matokeo ni yaleyale.

Omba kitu ambacho mtaa na halmashauri wana uwezo nacho. Ukisimama ukasema "kodi za pango zishushwe", utapigiwa makofi na kitu hakitaandikwa, kwa sababu mtaa hauna mamlaka hayo. Sema hivi: "Mtaro wa kutoka kwa fundi cherehani hadi barabara ya lami, kama mita 120, umeziba sehemu mbili; tunaomba uingizwe kwenye vipaumbele vya mtaa." Au: "Mkandarasi wa taka anakusanya ada bila risiti ya mashine, tunaomba aitwe kwenye mkutano ujao." Mtendaji anayeandika muhtasari hapo hana namna, lazima aandike eneo, tatizo na ombi.

Na kalenda. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai 1. Halmashauri hupika makisio yake kati ya mwisho wa mwaka na Februari, Bunge la bajeti linaanza Aprili Dodoma, na Juni kila kitu kimefungwa. Maombi ya mtaa yanapanda kwanza Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, kisha kamati za kudumu, kisha Baraza la Madiwani. Hoja iliyoandikwa kwenye muhtasari wa Septemba ina muda wa kupanda. Ile ya Mei inasubiri mwaka mzima, na kufikia hapo mpangaji wetu ameshahama. Hilo ndilo tatizo lake kubwa kuliko chama: halmashauri inakwenda kwa mwaka wa fedha, yeye anakwenda kwa mkataba wa miezi sita. Dawa ni barua isainiwe na watu kumi au kumi na watano, ili wakihama watano wabaki wa kufuatilia.

Nyongeza moja kuhusu kura. Wapo walioshangaa Novemba 27, 2024 kukuta hawamo kwenye orodha ya mtaa ilhali kitambulisho cha mpiga kura wanacho. Orodha ya uchaguzi wa serikali za mitaa ni nyingine kabisa. Inasimamiwa na TAMISEMI, na iliandikishwa kwa siku kumi tu, Oktoba 11 hadi 20, 2024. Daftari la Kudumu ni la Tume ya Uchaguzi, na kwa Dar liliboreshwa kuanzia Machi 17 hadi 23, 2025. Ukiwa Daftari la Kudumu, bado hujaingia kwenye orodha ya mtaa. Anayehamahama anaanguka kwenye yote mawili: orodha ya mtaa inamtaka awe mkazi wa pale, na Daftari linampangia kituo cha alikoandikishwa hata kama sasa amehamia upande wa pili wa jiji.

Kadi_Tangu_Tawini

Mdau wa mtaa umeeleza vizuri, lakini mnaruka kitu. Kwa hali ilivyo, mtu wa kundi hili anaweza kupata nguvu zaidi ndani ya chama kuliko nje yake. Sijasema akipende. Nazungumzia hesabu.

Angalia uchaguzi wa mitaa wa 2024. Kwa matokeo yaliyotangazwa, CCM kilichukua zaidi ya asilimia 98 ya mitaa. Tuyaache malalamiko ya kuenguliwa kwa wagombea wa upinzani, hayo yana uzi wake. Ninachosema ni kwamba kwenye mitaa mingi mwenyekiti alipatikana siku ya kura za maoni, yaani kura za ndani ya chama za kumpata mgombea, wiki kadhaa kabla ya siku ya kupiga kura. Na siku hiyo ya kura za maoni wanaojitokeza ni wachache mno ukilinganisha na wakazi. Wapangaji 60 wenye kadi hai za tawi moja, wakakubaliana jina, wanaweza kumtikisa mtu aliyekaa kwenye kiti miaka kumi.

Kadi hai maana yake ada imelipwa na jina limo kwenye rejesta ya tawi. Watu wanachukua kadi mwezi mmoja kabla, wanafika mlangoni na kadi mpya inanukia wino, wanaambiwa majina hayapo. Ingia angalau mwaka mmoja kabla. Hudhuria vikao vya shina hata vile vya kupanga michango ya msiba, kwa sababu siku ya kura hakuna atakayekumbuka hoja zako za mtandaoni. Watakumbuka ulikuwepo wakati wa kukunja mikeka.

Ngazi ya ubunge ni jambo jingine. Mwaka 2025 CCM kilipanua wigo wa wajumbe wanaopiga kura za maoni, zilizofanyika Agosti 4. Hata hivyo, anayeongoza kura hizo si lazima awe mgombea, neno la mwisho linatoka Halmashauri Kuu ya Taifa. Kwa hiyo usipoteze nguvu za watu 60 huko. Zipeleke kwenye mtaa na udiwani.

Kwa vyama vya upinzani utaratibu unafanana, ila upungufu ni mwingine: kwenye mitaa mingi tawi lipo kwenye karatasi, watu wa kukaa kikao hawapo. Faida yake ni kwamba watu kumi wakiingia kwa pamoja wanalishika tawi lote. Hasara ni kwamba mkishalishika, wa kugharamia kila kitu ni ninyi.

Chumba_na_Sebule (mleta mada)

Nashukuru wakuu, nimeelewa kuliko nilivyotarajia. Niongeze mawili. Je, wapangaji wanaweza kuwa na chombo chao kinachotambulika, kisicho chama cha siasa? Na lile la kodi ya jengo kwenye LUKU kuna namna, au ndiyo limepita?

Risiti_Mkononi

Chombo kinawezekana, na kuna namna mbili tofauti ambazo watu huzichanganya.

Kikundi cha kijamii kinatambuliwa na halmashauri kupitia Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Mnahitaji katiba fupi, muhtasari wa kikao cha kuanzisha, orodha ya wanachama yenye saini na barua ya Mtendaji. Hiki ni chepesi, na kinafaa pia kwa ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Namna ya pili ni jumuiya chini ya Sheria ya Jumuiya, kwa Msajili aliye Wizara ya Mambo ya Ndani. Waanzilishi wasiopungua kumi. Hii ndiyo inayowafaa mkitaka kuandika barua kwa wizara na kuitwa wadau. Chama cha wafanyakazi msihangaike nacho. Kinataka waajiriwa wasiopungua 20, na dereva wa bodaboda ya mkataba hana mwajiri. Ana mwenye pikipiki tu.

Kwenye katiba yenu andikeni waziwazi kwamba hamdhamini wagombea. Siku jumuiya ikianza kupigia mtu kampeni, mtakuwa mmempa Msajili sababu ya kuwagusa. Na uanachama msiufunge kwa mtaa mmoja. Ufungeni kwa wilaya, la sivyo kila anayehama anapoteza uanachama na mnarudi kulekule kwenye nyumba kumi.

Sasa LUKU. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Mpangaji anailipa kwa sababu mita iko mikononi mwake. Kwa mwaka ni 1,500 mara 12, yaani 18,000 kwa nyumba ya kawaida. Andikeni kwenye mkataba wa pango kipengele kimoja: "Kodi ya jengo itakayokatwa kupitia LUKU itapunguzwa kwenye kodi ya pango kwa kuonyesha ujumbe wa manunuzi." Usifute ujumbe wa manunuzi ya kwanza ya kila mwezi, kwa kawaida makato ndipo yanapoonekana. Bila hizo meseji huna ushahidi, na mwenye nyumba atakwambia haijui hiyo habari.

Mtego ambao watu hawauoni ni chumba kilichokaa wazi. Mita isiponunuliwa umeme miezi minne, kodi inajikusanya kama deni, na anayekuja kuweka tokeni ya kwanza ndiye anayekatwa yote kwa mkupuo. Unanunua umeme wa 10,000, 6,000 inaondoka kabla hujawasha taa. Kwa hiyo kabla hujalipa kodi ya pango, mwambie mwenye nyumba anunue umeme wa elfu mbili mbele yako na mwangalie ujumbe pamoja. Kama kuna deni, alimalize yeye. Na nyumba yenye mita tatu isikatwe mara tatu. Mwenye nyumba anapaswa kuonyesha mita zote ni za jengo moja ili itozwe mita moja. Wengi hawajishughulishi, kwa kuwa anayeumia si wao.

Kuibadilisha sheria yenyewe kuna njia, nayo haipiti kwenye chama. Kila mwaka, kabla ya bajeti kuandaliwa, Wizara ya Fedha hukaribisha maoni ya maboresho ya kodi. Maoni ya kurasa nane za uchungu hayasomwi. Yanayosomwa yana vitu vinne: sheria na kifungu, tatizo, pendekezo, na athari kwa mapato. Hicho cha mwisho ndicho watu wanachokiruka. Ukisema "futeni", umewaomba waache pesa. Ukisema "mwenye nyumba aruhusiwe kulipa 18,000 kwa mkupuo kwa namba ya malipo, na mita zilizofungwa na jengo hilo zisikatwe mwaka huo", Serikali haipotezi shilingi, na mpangaji anapumua. Juni Kamati ya Bajeti hupokea maoni ya wadau juu ya Muswada wa Sheria ya Fedha, lakini siku ni chache sana na sheria inaanza Julai 1. Anayeanza kuandika Juni amechelewa.

Kuhusu kulipa miezi sita kwa mkupuo, zamani tulikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Pango ya 1984. Ilifutwa katikati ya miaka ya 2000 na nafasi yake haikujazwa. Leo kinachoongoza ni mkataba wenu. Mgogoro ukitokea, Baraza la Kata siku hizi linasuluhisha tu, haliamui. Uamuzi unatafutwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hapo ndipo sheria mpya inahitajika kweli, na hapo, nakubali, bila mbunge hamfiki.

Kiti_cha_Nyuma

Naona mnampa mleta mada matumaini ya bei rahisi. Mtaa hauna mfuko wa maana. Anayesaini malipo ni mkurugenzi wa halmashauri, naye ni mteule wa Rais. Mkuu wa wilaya mteule, mkuu wa mkoa mteule. Utapeleka mtaro wa mita 120, utaingia kwenye vipaumbele, utapita kata, utapita baraza, halafu utekelezaji "unasubiri fedha". Mtu huyu haoni chama kinachomsemea kwa sababu hata aliyechaguliwa hana cha kumpa. Hiyo haitibiwi na muhuri wa IMEPOKELEWA.

Ila kitu kimoja nitawaunga mkono. Mikutano ya kawaida ya Baraza la Madiwani ni ya kila robo mwaka, na ni ya wazi. Mwananchi haruhusiwi kusema, anaruhusiwa kukaa na kusikiliza. Viti vya nyuma huwa vitupu. Ulizeni tarehe kwenye ofisi ya mkurugenzi, nendeni watu wanne na daftari, mwandike diwani wenu kasema nini na kapiga kura vipi kwenye ada ya taka na ushuru wa vibanda. Diwani anajua waliopo ukumbini ni akina nani. Akiona sura ngeni zenye kalamu, hotuba inabadilika.

Chumba_na_Sebule (mleta mada)

Sawa mkuu. La mwisho kwa Ubao_wa_Matangazo: Mtendaji akikataa kutoa nakala ya muhtasari, akasema ni nyaraka ya ofisi?

Ubao_wa_Matangazo

Usibishane naye dirishani. Rudi na barua inayotaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016. Andika kuwa wewe ni raia, taja tarehe ya mkutano na ukurasa au ajenda unayoitaka, na useme utalipia gharama ya kudurufu. Ana siku 30 za kukujibu, zinahesabiwa tangu siku alipoipokea. Akikunyima, unaomba mapitio kwa mkuu wa taasisi, ambaye hapo ni mkurugenzi.

Omba muhtasari na taarifa ya mapato na matumizi kwenye barua mbili tofauti. Ukiziweka pamoja, ile ya mapato itachelewesha zote.

Na kuhusu mtaro, Kiti_cha_Nyuma, "unasubiri fedha" nayo huandikwa kwenye muhtasari. Ombeni na huo.